Mwatima na Mirehani Mitatu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mji, na pembeni mwa mji bustani, na ndani ya bustani harufu. Sogeeni karibu na moto, wanangu, maana hadithi ya leo ina baridi.

Hapo kale aliishi msichana jina lake Mwatima, yeye na mama yake, wawili tu. Mama akashikwa na homa. Kwanza akaacha kula. Kisha akashindwa kuketi. Kisha akamwita bintiye kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, nenda kwenye bustani ya Fungo. Kuna mirehani mitatu. Mmoja wa maharusi, mmoja wa homa, mmoja wa makaburi. Wa homa una harufu kali kama tangawizi. Niletee huo."

Mwatima akaenda, akaenda, akaenda. Akamkuta Fungo, yule mnyama wa harufu kali, mlangoni, ameketi kando ya mtungi wa maji.

"Shikamoo, babu Fungo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usijizuie kuziba pua, najijua ninavyonuka. Umefuata nini?"

"Mrehani wa homa. Mama anaungua."

"Bustani hii humpa mtu tawi moja tu. Nami siwezi kukuonyesha ulio wa homa, maana nikiutaja, unakauka. Kwa macho yote ni sawa. Fikicha jani, nusa, kisha nawa. Fikicha, nusa, nawa."

Mwatima akafikicha jani la mrehani wa kwanza. Akanusa. Tangawizi.

"Huenda ndio huu," akasema. "Lakini ngoja nihakikishe."

Fungo akaimba polepole:

*Nawa, mjukuu, nawa,*
*mkono haujasahau.*

"Sina muda wa kunawa, babu. Mama anaungua."

Akafikicha jani la mrehani wa pili kwa vidole vilevile. Akanusa. Tangawizi.

*Nawa, mjukuu, nawa,*
*mkono haujasahau.*

"Mama anaungua, babu."

Akafikicha jani la mrehani wa tatu. Akanusa. Tangawizi. Fungo akamsogezea mtungi wa maji.

"Kumbe yote ni ya homa," akasema Mwatima. "Mama alikuwa anaweweseka." Akavunja tawi la mrehani wa tatu, kwa kuwa ndio uliostawi zaidi.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nusa mkono wangu."

Fungo hakuunusa. Alitazama chini.

Mwatima akakimbia nyumbani, akachemsha majani, akamnywesha mama.

"Ahsante, mwanangu," mama akasema. Akageukia ukutani, akalala. Hakuamka.

Walipokwisha kumzika, majirani wakaondoka. Mwatima akabaki na kijitawi kilichosalia. Alikuwa amelia hadi machozi yamemtakasa vidole. Akafikicha jani, apate harufu ya mwisho ya mama. Akanusa.

Haikuwa tangawizi. Ilikuwa udongo uliolowa mvua.

Hapo akajua. Akakichomeka kile kijitawi kichwani mwa kaburi, kwa kuwa hapo ndipo mahali pake. Kikashika mizizi.

Mwatima hakuwa mtoto mbaya, wanangu, wala hakuwa mvivu. Alimpenda mama yake, akaharakisha. Ndiyo maana mkiingia bustanini kwangu nawaambia mnawe kati ya jani na jani, hata mkiona nawachelewesha.

Hadithi yangu imefika kizingitini, naiachia hapo. Na aliyekula samaki jioni hii asiguse mrehani wangu.