Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Wapo watu ambao ukiwaandalia chakula, hukuuliza kimepikwa na nani, kwa kuni gani, na kama jirani amekwisha kukionja, hata kikapoa mezani. Rra Masego, yaani Baba Masego, wa Shoshong alikuwa mmoja wao. Hakununua fahali bila kumzunguka siku tatu. Jino lilipomuuma, alitafuta ushauri kwa watu saba mpaka likatoka lenyewe. Hata mkewe, Mungu amrehemu, alimchumbia kwa miaka minne, na inasemekana mwishowe ni bibi harusi aliyewatuma wajomba zake kuuliza kama posa inakuja au haiji.

Safari hii kilichomtatiza kilikuwa gemu.

Binti yake wa pekee, Masego, alikuwa muuguzi. Alikuwa amepata kazi katika hospitali moja huko Uskoti, mkataba wa miaka mitatu, na zilikuwa zimebaki wiki tatu apande ndege. Baba na binti walipendana kama chanda na pete. Tatizo ni kwamba baba hakujua kuzungumza kwenye simu. Akipigiwa, alipaza sauti kana kwamba mwenziwe yuko ng'ambo ya bonde, akauliza habari za mvua, akauliza habari za afya, akasema ng'ombe hawajambo, kisha akakata. Mazungumzo yote yalichukua dakika moja, na dakika hiyo ikiwa ndefu, ni kwa sababu kulikuwa na ng'ombe mgonjwa.

Masego aliiwazia miaka hiyo mitatu ya dakika mojamoja, moyo ukamwingia baridi. Ndipo jioni moja alipokaa karibu na baba yake, akiwa na kifaa cha vitufe cha kuchezea gemu kwenye runinga mkononi.

"Baba, huu mchezo ninaoucheza ni nchi nzima. Una milima, mito, misitu na vijiji. Unakwenda unakotaka, hakuna wa kukuuliza. Mimi nikiwa Uskoti na wewe ukiwa hapa kwenye kochi lako, tunaingia wote wawili, tunatembea pamoja, tunasikiana. Mashine nakuachia. Jaribu tu kabla sijaondoka, nikuelekeze."

"Humo ndani kuna nini?"

"Kuna majitu, kuna joka, kuna wachawi..."

"Wachawi?"

Masego akajua kwamba amekosea pa kuanzia.

"Nitafikiri," alisema baba yake.

Watu wa Shoshong walilijua neno hilo. Rra Masego akisema atafikiri, nenda kapande mtama, uvune, urudi.

Kesho yake alianzia uani. Jirani yake, Mma Ditiro, alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ua, mwanamke mwenye moyo mwema na maoni juu ya kila jambo.

"Rra, usiguse!" alisema hata kabla hajamaliza kusikiliza. "Mtoto wa dada yangu kule Gaborone alianza hivyohivyo na hayo magemu. Leo haogi."

"Kwani zamani alikuwa anaoga?"

Mma Ditiro alifikiri kidogo, kibanio cha nguo mdomoni. "Si sana," alikiri.

Kutoka hapo Rra Masego alikwenda kwa mzee wa kanisa, Rra Otukile, ambaye alimwambia kwamba kitu chenye joka ndani yake hakiwezi kuwa cha Mkristo.

"Umewahi kukiona, Rra?"

"Kukiona? Mimi? Mungu apishe mbali!"

Mwisho wa yote alilipeleka jambo lake kgotla, kwenye baraza la kijiji, siku ambayo kesi ya ua uliovunjwa ilimalizika mapema na wazee walikuwa bado hawataki kurudi kwa wake zao. Wakalijadili kwa muda wa saa nzima. Mmoja alisema ni mambo ya watoto. Mwingine akasema hapana, ni mabaya mno kwa watoto. Wa tatu alitaka kujua kama kinakula umeme. Ndipo Rra Kgosietsile, aliyekuwa amesinzia tangu kesi ya ua, alipofumbua jicho moja.

"Huko ndani kuna ng'ombe?"

Wazee wakatazamana.

"Kumbe hamjui? Tunakaa hapa kuihukumu nchi ambayo hatujui hata kama ina ng'ombe!" Akavuta kofia yake machoni, akaendelea kusinzia.

Wakati wazee wakijadili, siku hazikungoja mtu. Juma la kwanza Masego alimuuliza baba yake kila asubuhi. Juma la pili alimuuliza mara moja. Juma la tatu hakuuliza kabisa. Rra Masego aliporudi kutoka kgotla siku hiyo, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya safari, alimkuta bintiye ameketi sakafuni akizikunja nyaya za ile mashine na kuzifunga kwa uzi.

"Unafanya nini?"

"Nampa mwenzangu mmoja wa kliniki, baba. Yeye atacheza." Alitabasamu. "Usijali. Tutapigiana simu."

Aliyasema hayo bila hasira wala lawama, na hilo ndilo lililomchoma mzee. Laiti angenuna, angejua la kujibu. Lakini alimwona bintiye amekwisha kumsamehe, kama mtu anavyomsamehe kiziwi kwa kutosikia, na hakuna baba apendaye kusamehewa namna hiyo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Akashika neno la kwanza lililomjia.

"Huko ndani kuna ng'ombe?"

"Wapo."

"Wa nani?"

"Si wa mtu yeyote, baba. Wapo tu. Ni wa urembo."

"Wa urembo!" Rra Masego aliitupa kofia kitini. "Chini ya jua hili hakuna ng'ombe asiye na mwenyewe. Hebu zirudishe hizo nyaya."

Masego alizirudisha upesi, baba yake asije akafikiri tena.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa kichekesho. Rra Masego alikuwa ameendesha greda la serikali kwa miaka thelathini, na vidole vyake vilizoea usukani mkubwa kama sinia. Alipogusa kitufe kidogo, mtu wake wa kwenye runinga alijibamiza ukutani. Alipokigusa tena, akaruka kisimani. Masego aliuma mdomo asicheke. Walipofika kwenye nyumba ya kwanza, akamwambia, "Ingia, baba. Kwenye sanduku kuna mkate na upanga, chukua."

"Nichukue? Mwenyewe yuko wapi?"

"Ni gemu. Kila mtu huchukua."

"Basi ndiyo maana wameletewa joka," alisema mzee, akamsimamisha mtu wake nje ya lango, na kama afanyavyo kila muungwana wa Shoshong, akabisha kwa sauti: "Ko ko!"

Hakujibiwa. Akavuta pumzi, akapaza zaidi. "Ko koo!"

"Ingia, Rra, mlango uko wazi!" Mma Ditiro alijibu kutoka nyumbani kwake.

Hapo Masego alishindwa. Alicheka hadi akashika mbavu, na baba yake naye akacheka.

Nje ya kijiji njia iligawanyika. Moja ilipanda mlimani kwa joka. Kando ya nyingine, chini karibu na mto, alisimama ng'ombe jike mwekundu, peke yake. Rra Masego alimzunguka taratibu, akainamisha uso wake karibu na runinga, akamtazama sikio la kulia, akamtazama la kushoto. Hakuwa na alama ya mwenyewe.

"Huyu amepotea," alisema.

"Baba, kijiji kinakwenda kuungua. Watu wanatungoja tuliue joka."

"Joka halijapotea. Huyu amepotea. Mtu anamtafuta sasa hivi, na pengine ana watoto wanaotaka maziwa. Twende."

Masego angeweza kumweleza kwamba ng'ombe yule ni mchoro tu na hana kwao. Hakumweleza. Alichukua kifaa cha pili, akamleta mtu wake wa gemu, shujaa wa kike mwenye deraya ya fedha, akatembea bega kwa bega na mzee mwenye mvi ambaye baba yake alijichagulia, na wote wawili wakamfuata ng'ombe yule polepole katika mbuga pana yenye majani marefu.

Lipo jambo ambalo lazima lisemwe hapa. Rra Masego hakuwa bubu. Ukimkalisha uso kwa uso, maneno yalimkauka. Ukimpa simu, ndiyo kabisa. Lakini akiwa nyuma ya ng'ombe, macho mbele, mwenziwe kando yake na safari ndefu, mdomo wake ulifunguka kama mfereji. Marehemu mkewe alilijua hilo. Masego yeye alikulia shuleni, na alipomaliza, magoti ya baba yalikuwa yamekwisha kumsaliti. Ilikuwa miaka sita sasa tangu mzee atembee nyuma ya ng'ombe kwa miguu yake mwenyewe. Kwenye ile mbuga, magoti hayakuuma.

Walipita kichuguu kimoja, wakapita cha pili. Kisha mzee akasema, bila kugeuka, "Mama yako alikuwa anaogopa ng'ombe."

"Mama? Mama yuleyule aliyekuwa anakamua?"

"Mwaka wa kwanza alijificha mgongoni kwangu. Ndama akikohoa, anaruka. Akasema anakuja kule kambini, kwenye ng'ombe, kunipikia. Uongo mtupu. Nilikuwa napika vizuri kuliko yeye. Alikuja kwa sababu kule ndiko nilikokuwa naongea."

Masego hakutikisika, asije akamkatiza. Ng'ombe alisimama kula majani, nao wakasimama. Ng'ombe akaendelea, nao wakaendelea.

"Baba," alisema Masego baada ya hatua nyingi, naye macho mbele, "ule mwaka niliofeli mtihani nikakupigia, mbona ulinikatia?"

Mtu wake wa mvi aliendelea kupiga hatua.

"Nilisikia sauti yako inataka kulia, mwanangu. Sikujua niseme nini. Nikaogopa nitasema kibaya, nikakata. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka jua likazama. Nilikuwa nataka kukwambia kwamba hata mimi leseni ya greda niliipata mara ya nne. Mama yako tu ndiye aliyejua."

Shujaa wa deraya ya fedha alisimama ghafla katikati ya mbuga, maana aliyemwendesha alikuwa havioni tena vizuri vile vitufe. Alifuta macho kwa mkono wa nguo.

"Mara ya nne, baba?"

"Tembea, tembea. Ng'ombe anatuacha."

Siku nne zile waliingia katika nchi ile kila alasiri, na joka halikusumbuliwa na mtu. Kisha Masego akaondoka. Kule Uskoti alikuta baridi inayopenya mifupa, wagonjwa wenye lafudhi asiyoielewa, na chumba ambacho hakuna aliyewahi kubisha mlango wake. Juma la kwanza alilia kila siku. Jumamosi asubuhi aliwasha mashine aliyoinunua huko, akaingia, na kando ya mto akamkuta mzee mwenye mvi amekwisha kufika zamani, akimngoja.

Hawakuulizana habari za mvua. Walitembea. Mzee alimsimulia habari za babu yake, za barabara ya Orapa alipoilima kwa greda na kumkuta simba amelala kwenye kifusi, za siku alipozaliwa yeye Masego na baba akazunguka hospitali mara kumi na moja kwa kuogopa kuingia. Masego naye akasema yote: baridi, upweke, mgonjwa wake wa kwanza aliyefariki. Alilia, na safari hii hakuna kilichokatwa. Saa mbili zilipita wasizione.

"Baba, sasa niage," alisema mwishowe. "Zamu yangu inaanza."

Halafu sauti ya Rra Masego ikaja kutoka Shoshong, taratibu, kana kwamba yuko hatua moja tu kutoka kwake.

"Usikate, mwanangu. Ngoja kwanza tumvushe ng'ombe mto."

Wakamvusha, hatua kwa hatua, na kwa hakika wahenga hawakukosea waliponena: uhondo wa ngoma, ingia ucheze.