Kofia ya Mzee Faki na Skrini ya Pili

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, umeme ulipokwisha kufika kila mtaa, aliishi kisiwani mshona kofia jina lake Mzee Faki. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Mkewe alishafariki, na binti yake Raya, aliyekuwa masikio yake na ulimi wake, alikwenda Uturuki kusomea uuguzi. Huko akapata mchumba.

Siku ya ndoa ikawadia. Ndoa ingefungwa Uturuki, na baba angeshiriki kwa kompyuta akiwa nyumbani kwake. Shekhe angeuliza, mkalimani wa ishara angetafsiri, na Mzee Faki angejibu kwa mikono. Kama asingekuwa tayari ifikapo alasiri, ami yake Raya, aliyekuwa huko huko, angeozesha badala yake.

Kompyuta ilikuwa ya jirani, binti mmoja aitwaye Mize. Ilikuwa ndogo. Wakimkuza mkalimani, Raya anatoweka. Wakimrudisha Raya, vidole vya mkalimani vinakuwa kama miguu ya sisimizi. Mzee Faki akasukuma kiti nyuma, akasema kwa mikono:

"Siwezi kumwoza mwanangu bila kumwona. Wala siwezi kuitikia nisichokielewa."

Mize alijua ishara za nyumbani tu: njoo ule, mvua inakuja. Maneno ya shekhe yalimshinda. Akatoka mbio hadi kwa Kombo, kinyozi.

Kombo alikuwa na televisheni kubwa ukutani, na siku hiyo kulikuwa na fainali ya mpira. Kibanda kimejaa pomoni.

"Kaka Kombo, tuazime televisheni. Mzee Faki anaozesha."

Kombo akawatazama wateja, akautazama mpira, akachomoa waya. Watu wakamzomea. Wakahamia kwa kinyozi mwingine, na wengi wao hawakurudi tena.

Televisheni ikawekwa juu ya kabati. Mize akachomeka ncha moja ya waya kwenye televisheni, ncha nyingine kwenye kompyuta, akahangaika na rimoti mpaka picha ikaja. Lakini televisheni ikawa inaiga tu. Akitokea mkalimani huku, anatokea na huku, Raya hayupo. Mara simu ya Mize ikalia. Saa ya usaili wake wa kazi ilikuwa imefika, na alitakiwa aingie kwa kompyuta ile ile. Mize akaizima simu. Kazi ile akapewa mwingine.

Mtaani alibaki mtu mmoja wa kuitwa: Shaame, fundi wa kompyuta. Na Shaame ndiye aliyewahi kumposa Raya, Mzee Faki akamkataa. Tangu hapo, wakipishana njiani, kila mmoja hutazama upande wake. Mize akamfuata kwake, akamweleza. Shaame akaweka chini kazi aliyoishika. Kisha akavaa viatu.

Akaingia asimtazame mzee. Akabonyeza vitufe viwili pamoja, yakatokea machaguo.

"Mlikuwa mnanakili," alisema. "Inatakiwa kupanua. Televisheni iwe skrini ya pili, ishike mambo yake."

Akachagua, akalivuta dirisha la mkalimani, likavuka ukingo wa kompyuta na kutokea kwenye televisheni. Mikono ya mkalimani ikawa mikubwa kuliko ya Mzee Faki mwenyewe. Kwenye kompyuta akabaki Raya ndani ya ushungi, macho kwa baba yake. Shaame naye akamwona. Akarudi nyuma, akasimama mlangoni.

Shekhe akauliza. Mikono ikauliza. Mzee Faki akamtazama mwanawe, akamtazama, mpaka shekhe akadhani mtandao umekatika. Hapo akaitikia. Ndoa ikafungwa.

Mzee Faki alikuwa amemshonea bwana harusi kofia, matobo yake madogo kama ufuta, kazi ya msimu mzima. Raya akamwambia kwa ishara: "Baba, mume wangu anasema, kofia hiyo mpe aliyetukutanisha leo."

Kofia ni moja. Watu ni watatu. Wakasema, na Mize akamfikishia mzee kwa ishara zake chache.

Kombo akasema: "Bila televisheni yangu, mngepanua nini? Na wateja wangu wamekwenda."

Mize akasema: "Kompyuta yangu, mbio zangu, na kazi yangu imekwenda. Nikipewa, nitamvika baba yangu."

Shaame akabaki pale mlangoni. "Mimi nimebonyeza vitufe tu," alisema. "Sikupoteza wateja wala kazi. Lakini nyinyi mlimfungulia mlango jirani. Mimi nimemfungulia nani, ila aliyenifungia?"

Mzee Faki akaigeuza kofia mikononi. Akamtazama Kombo, akamtazama Mize. Kisha akamtazama Shaame, kwa mara ya kwanza tangu posa ile.

Enyi mliokaa mkanisikiliza, kofia bado i mkononi mwa mzee, na mzee anasubiri. Je, nani alistahili?