Mtani, Kufa Upesi!

— Jamani, ngano yangu imo mkobani!
— Itoe tuione!
— Nikiitoa itauma?
— Iume, dawa tunayo!

Haya. Hapo kale palikuwa na Panya Buku na Nyegere. Buku mnamjua: yule panya mwenye mashavu kama mifuko ya koti. Kwa panya wenzake ni mkubwa, kwa wengine ni tonge. Na Nyegere mnamjua: mfupi, mnene, mgongo mweupe kama amemwagiwa unga. Haogopi nyoka, haogopi nyuki, haogopi kesho. Kitu anachokiogopa ni kugawana.

Ukoo wa Buku na ukoo wa Nyegere walikuwa watani tangu mababu. Na mila ya utani ilikuwa hivi: mtani akikutukana, unacheka. Mtani akila chakula chako, unacheka. Na siku ukifa, mtani ndiye msimamizi wa msiba wako. Yeye ndiye anayegawa chakula, na hakuna wa kumwuliza.

Basi kukicha tu, Nyegere yuko mlangoni.

"Hodi, mtani! Leo nateleza na gogo kwenye maporomoko. Njoo unitazame!"

Bi Buku husema kutoka ndani, "Mwambie hupo."

Buku huguna. "Nikiwa sipo, kidonda atafungwa na nani?"

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, jamani. Mwenye wazimu ni mmoja, wanaochoka ni wawili. Nami nisimcheke Buku. Nimezunguka nchi za watu, na kote huko kazi yangu imekuwa kusimama chini ya jabali, nimeshika viatu vya mtu mzima anayening'inia kwa starehe.

Buku hupakia. Shavu la kulia: kamba ya mkonge na filimbi ya mwanzi. Shavu la kushoto: kibuyu cha maji, majani ya kuzuia damu, na karanga za akiba. Akimaliza, kichwa kinakuwa kipana kuliko mlango wa shimo, na Bi Buku humsukuma kwa nyuma.

Wakafika mtoni. Nyegere akala karanga.

"Mtani, hizo ni za dharura!"

"Kwani njaa si dharura?"

"Jifunge kamba basi."

"Kamba ni ya mbuzi."

Nyegere akaruka. Buku akafumba macho. Chubwi! Nyegere akatoka na nundu kichwani. Buku akafungua shavu.

Siku nyingine wakafika korongoni. Nyegere akala karanga.

"Jifunge kamba, mtani."

"Kamba ni ya mbuzi."

Nyegere akabembea. Buku akafumba macho. Puu! Nyegere akatoka na miiba makalioni. Buku akafungua shavu, akang'oa miiba mmoja mmoja, huku mgonjwa akilalamika kwamba mganga ana mikono ya baridi.

Ndipo wakapanda Jabali la Usitazame-Chini. Katikati ya jabali, kwenye jiwe lililochomoza kama ulimi, nyuki walikuwa wamejaza asali.

"Ukinisindikiza, nusu yako," akasema Nyegere. Akala karanga.

"Jifunge kamba."

"Mtani, mbona unanichosha? Kamba ni ya mbuzi!"

Nyegere akaruka. Buku akafumba macho. Tii! Akatua juu ya jiwe. Nyuki wakamvaa, vuuu, vuuu, yeye wala. Akavunja masega yote, akayafunga kwa majani, akayaning'iniza kiunoni. Akageuka apande. Ukucha ukateleza. Akajaribu tena. Ukateleza. Na chini ya miguu yake jiwe likasema: teke... teke...

"Mtani," akaita kwa sauti ndogo ambayo Buku hakuwahi kuisikia. "Ile kamba unayo?"

"Ile ya mbuzi?"

"Mtani!"

Buku akaitoa shavuni, akafunga ncha moja kwenye kisiki kibovu, maana hapakuwa na kingine, nyingine akaiteremsha. Nyegere akajifunga kifuani. Buku akavuta. Hiii! Hooo! Hata unywele haukusogea.

"Vuta kwa nguvu!"

"Nguvu zilikuwa kwenye karanga!"

Teke, likasema jiwe.

Buku akapuliza filimbi. Piii! Piii! Piii! Wakaja mbio Ngiri, Nungunungu na Kima.

"Nani kakwama?"

"Nyegere. Jiwe linavunjika, tumvute!"

"Aliyebomoa shimo langu?" akauliza Ngiri.

"Aliyekula watoto wa dada yangu?" akauliza Nungunungu.

"Msalimie," akasema Kima. Wakageuza.

Buku akawatazama wakienda. Akaitazama kamba. Kisha akaitema filimbi, akajitupa chini, akapiga yowe:

"Uwiii! Mtani wangu amekufa! Na asali ya msiba anayo kiunoni!"

Wale watatu wakasimama.

"Amekufa kabisa?" akauliza Ngiri.

"Kabisa."

"Masikini," akasema Kima, akijifuta mdomo. "Jirani mwema. Kamba iko wapi?"

Buku akainama ukingoni, akanong'ona, "Mtani, kufa upesi!"

"Sijafa!"

"Kufa, wanakuja kukuvuta."

"Na asali?"

"Maiti hali."

Nyegere akafikiri. Jiwe likatoa ufa. "Basi nife nusu," akasema, "nibakizie nusu."

"Kifo hakina nusu, mtani!"

Teke-teke-teke! Nyegere akafa.

"Mvuteni marehemu!" akaimba Buku.
"Eee!"
"Alikuwa mlafi!"
"Eee!"
"Hakupenda kamba!"
"Eee!"

Akapanda Nyegere, ulimi nje, na nyuma yake jiwe likang'oka: gubu, gubu, pwaaa! Wakamlaza, wakamfunika majani. Buku, mtani wa msiba, akaketi kitako akagawa asali. Nyamu, nyamu, nyamu. Chini ya majani marehemu alisikia kila sega likitafunwa.

"Alikuwa na nguvu," akasema Ngiri.

"Za kubomolea," akasema Nungunungu.

"Mzuri alivyo leo," akasema Kima, "hajawahi kuwa."

Marehemu akavumilia. Akavumilia. Hata likabaki sega moja, Buku akalishika, akafungua kinywa...

"Hilo langu!" Marehemu akaketi.

Jamani! Ngiri akatimka mkia juu, Kima akaparamia mti usiokuwepo, na Nungunungu akakimbilia kwao bila kuaga.

"Umenifanyia msiba nikiwa hai!" akanguruma Nyegere. "Umegawa asali yangu!"

"Utani, mtani," akasema Buku, akalisukumia shavuni sega la mwisho.

Na mila ni mila. Nyegere akacheka kama anayeng'olewa jino.

Mnadhani alikoma? Kesho yake: "Hodi, mtani! Nimesikia kuna pango halina mwisho!"

"Mwambie hupo," akasema Bi Buku.

Buku alikuwa keshaanza kupakia. Kamba, filimbi, maji, majani, karanga za Nyegere, karanga za Buku mwenyewe. Juu kabisa akakunja kitambaa cheupe.

"Hicho nacho cha nini?" akauliza Nyegere.

"Sanda," akasema Buku. "Ya jana ilifanya kazi vibaya, ulionekana miguu."

Funzo la ngano hii, watoto, ni kwamba msibebe chochote: mizigo inaumiza shingo. Mkikwama, mfe tu, watu watakuja. Na wake zenu wakisema "mwambie hupo", msiwasikilize, kama nisivyosikiliza mimi.

Mkoba nimeufunga. Aliyecheka abebe kamba, aliyenuna abebe maji, na karanga nipeni mimi.