Saa ya Mzee Nipo Njiani

Wapendwa, kabla hatujalifungua Neno, nimewaletea mgeni. Jina lake la ubatizo silitaji, maana humu ndani ana ndugu wengi. Na ninapomweleza, tafadhali, mtu asigeuke kumtazama jirani yake wa benchi. Kila mmoja atazame mbele.

Bwana huyu alikuwa mfanyabiashara wa mbao kule Mafinga. Mtu mwema, mkarimu, mchapakazi, hana deni na mtu wala ugomvi na mtu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: tangu azaliwe hakuwahi kufika popote kwa wakati. Mama yake alikuwa akisema hata tumboni alikaa wiki mbili zaidi. Ukimpigia simu anakwambia, "Nipo njiani," na wewe huku unasikia maji yakimwagika, maana yuko bafuni anajipaka sabuni. Mji mzima ukamwita Mzee Nipo Njiani, naye akaitika. Mnacheka. Ni wangapi hapa asubuhi ya leo mmesema mpo njiani huku mnameza chai?

Jina la utani ni tamu mpaka siku linapouma. Hili lilimuuma siku binti yake mkubwa alipoolewa. Mzee alipita shambani mara moja tu, aone magogo yanavyopakiwa. Mteja akapiga simu. Akapiga na mwingine. Alipofika kanisani, kwaya ilikuwa inawaimbia maharusi wimbo wa kutoka. Aliyemshika binti mkono na kumpeleka mbele alikuwa baba yake mdogo. Na hakuna aliyemgombeza Mzee, hata mkewe. Hilo ndilo lililomchoma moyo, kwamba hakuna aliyeshangaa.

Miaka minne ikapita. Binti wa pili, Tumsifu, alikuwa anafanya kazi Iringa na kukaa kwa huyo huyo baba mdogo. Akapata mchumba, posa ikaletwa, mazungumzo ya mahari yakaisha kwa amani. Wageni walipoondoka, alimfuata baba yake jikoni akamwambia maneno machache.

"Baba, mimi sitaki zawadi. Nataka mkono wako."

Mzee hakulala vizuri juma zima. Akajichunguza, akaona mchawi wake ni simu. Unaitoa mfukoni ujue ni saa ngapi, unakuta watu watano wanakutafuta, na ukimaliza kuwajibu, ile saa uliyoitafuta imeshapita. Basi akaamua atanunua saa ya mkononi, saa ya kweli, nzuri, ya kwanza maishani mwake, na siku ya harusi simu itabaki kitandani.

Mwezi uliofuata akawa na mzigo wa mbao Dar es Salaam. Alipomaliza biashara aliingia duka la saa za bei mbaya, lile ambalo mlinzi anakufungulia mlango na baridi ya ndani inakukumbusha koti uliloacha Mafinga. Dada muuzaji akamkalisha, akamletea maji, akatandaza kitambaa laini mezani. Mzee akanyoosha kidole kwenye ile saa ambayo jina lake hata watoto wa chekechea wanalijua. Yule dada akamwambia kwa adabu kwamba ni nzuri sana, ila za bandia zimejaa kwenye vibanda kila kona, na kila atakayemwona nayo kule kwao ataamini na yeye amepigwa. Mzee akacheka, maana shemeji yake alikuwa nazo mbili.

Ndipo dada akafungua droo ya chini. Akatoa saa ya uso mweupe na mishale ya bluu, isiyong'aa wala kupiga kelele. Ilitengenezwa na ukoo mmoja wa mafundi huko nchi za baridi, watu wanaotoa saa chache kwa mwaka. Jina lao Mzee alijaribu kulitamka mara mbili, ulimi ukagoma, akaliacha. Mgongo wa saa ulikuwa wa kioo, unaona vigurudumu ndani vikizunguka. Haikuwa na betri. Mkono wako unavyotembea ndivyo inavyojitia ufunguo yenyewe. Ukiivaa inakwenda, ukiivua ukaitupa mahali siku mbili, inasimama.

"Jina hili mimi sijawahi kulisikia," Mzee akasema.

"Hata wao, mzee wangu, hawajawahi kusikia lako," dada akajibu. "Itegee sikio kwanza."

Akaitegea. Akasikia kitu kidogo kinafanya kazi kwa bidii mle ndani, bila kumngoja mtu akisifu. Wapendwa, mtu yule alifurahi mpaka akasahau kuomba apunguziwe. Alitoka dukani ameweka mkono kifuani kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa.

Lakini aliporudi Mafinga, mnaijua miji yetu. Kila aliyeiona aliuliza ni saa gani hiyo, na akishaonyeshwa jina, anatikisa kichwa. Yule shemeji mwenye zile bandia mbili ndiye aliyelitoa neno. Akasema saa isiyojulikana ni kama dawa isiyo na maandishi: unaweza ukapona, ila usimeze siku ya safari. Mzee alimjibu kwa kicheko, kisha akaenda nalo nyumbani lile neno, likakaa naye.

Kadi ya harusi ikafika. Saa sita kamili mchana, Jumamosi, kanisani Iringa. Mama alitangulia siku mbili kwenda kumpamba binti. Mzee akabaki peke yake na saa yake. Usiku wa kuamkia harusi alilala nayo mkononi, akiogopa isije ikasimama. Asubuhi simu akaiacha juu ya mto, akaifunika na shuka kabisa isije ikamwita. Mtaniuliza, na saa ya gari je? Saa ya gari lile ilikufa mikononi mwa mwenye gari wa kwanza, na Mzee alikuwa wa tatu.

Hakusimama popote. Watu walimpungia mkono barabarani, akawapungia huku anapita. Alipoingia uwanja wa kanisa, mshale mdogo ulikuwa unakaribia saa sita, na mkubwa umebakiza dakika kumi na mbili. Akashuka ndani ya suti yake akitabasamu peke yake.

Uwanja ulikuwa mtupu. Hakuna gari, hakuna shangazi, hakuna hata mpiga picha. Akapanda ngazi, akachungulia ndani. Sakafuni maua yamekanyagwa, karatasi za rangi zimetapakaa mpaka mbele, na mama mmoja mfagiaji, kanga kiunoni, anazisogeza kwa ufagio. Hata salamu Mzee alisahau.

"Mama, harusi imekwisha?"

"Imekwisha, baba. Wameondoka sasa hivi na tarumbeta zao."

Mzee akarudi nje, akakaa kwenye ngazi. Kila kitu kikajipanga kichwani mwake, tena kwa haraka. Saa imesimama usiku akiwa usingizini, ikaanza kwenda tena alipoamka, imemrudisha nyuma saa nzima au zaidi. Shemeji alisema. Mji mzima ulisema. Na yeye mwenyewe, je, lini aliwahi kufika akakuta jambo halijaisha? Akamwona Tumsifu amesimama mlangoni pale, anaangalia barabarani, kisha anaupokea mkono wa baba mdogo. Akalia, jamani. Mzee mzima, na suti yake, akalia kwenye ngazi za kanisa.

Akaivua saa. Akainuka aende zake Mafinga kabla hajaonwa na mtu, ila kwanza akarudi ndani kwa yule mama, akamnyooshea.

"Chukua, mama. Hii haisemi kweli."

Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akainua macho kwenye saa kubwa ya ukutani, ile ya juu ya kwaya. Akaitazama tena ya mkononi. Akamuuliza inasema uongo gani, maana anaziona zote mbili zinakwenda sawasawa. Halafu akamuuliza amekuja kwenye harusi ya nani. Mzee akamwambia ni ya Tumsifu, ya saa sita.

"Leo hapa hakuna harusi ya saa sita, baba. Ya saa nne ndiyo hiyo nafagia maua yake. Ya Tumsifu ni saa nane." Akamrudishia saa yake. "Hukuchelewa. Umewahi."

Mzee alikuwa hajaambiwa neno hilo tangu azaliwe. Alisimama analitafuna kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Kisha akaitoa ile kadi mfukoni, akaitazama vizuri, akaelewa. Kamati ya harusi ilichapisha kadi mia tatu za saa nane, na moja tu ya saa sita. Walimpigia hesabu ya saa mbili za kuchelewa, na bado baba mdogo walimwambia akae tayari na ua kifuani.

Angeweza kukasirika. Mimi ningekasirika. Lakini yeye alianza kucheka, akacheka mpaka akajishika ukuta, na mama mfagiaji akacheka naye bila kujua kinachochekesha. Halafu Mzee akavua koti, akalitundika kwenye mimbari, akaomba ufagio wa pili. Wakaanzia mlangoni. Kila alipofika mahali binti yake atakapokanyaga, alifagia mara mbili.

Saa nane ilipopiga, magari yakaingia na honi. Baba mdogo akashuka wa kwanza, ua kifuani, akafungua mlango wa nyuma. Tumsifu akashuka akiangalia chini. Hakumtafuta mtu, maana alishaamua asitafute. Ndipo akaona viatu vyeusi vyenye vumbi, na suruali yenye karatasi nyekundu magotini. Akapandisha macho.

"Baba, umefika saa ngapi?"

"Saa sita, mwanangu. Kasoro dakika kumi na mbili."

Binti akaikumbuka ile kadi, akafunika uso kwa aibu. Mzee akamwondoa mikono usoni, akamwambia hawakukosea, walimwandikia saa ya mtu waliyemjua. Kisha akampa mkono, ule wenye saa. Shangazi aliyekuwa na zamu ya vigelegele alivianza kabla hawajaingia mlangoni, na hakuna aliyemzuia. Baba mdogo alilitoa lile ua kifuani kwake, akambandika kaka yake.

Sasa, kanisa, mmefurahi. Na mimi nimefurahi. Ila nirudisheni kidogo pale kwenye ngazi, kwa sababu pale ndipo harusi ilipotaka kuharibika. Nani alitaka kuiharibu? Kamati? Kamati ilikosea kwa huruma. Saa? Saa ilisema kweli tangu Mafinga, dakika kwa dakika. Aliyetaka kumnyima Tumsifu mkono wa baba yake alikuwa ni yeye Mzee, aliyekuwa amefika mapema, amevaa ukweli mkononi, akauvua, akauamini utu wake wa kale.

Na sisi je? Sisi tumeambiwa tumesamehewa. Tumeambiwa mlango uko wazi. Lakini habari hiyo tunaiona ni ya jina geni. Ukoo wetu haujaizoea, mtaani hawaivai. Majina tunayoyajua ni yale tuliyobandikwa: mlevi, mtalaka, mwizi, yule aliyeacha kwaya akapotea. Hayo tunayaamini bila kuuliza. Kwa hiyo tunakuja mpaka kwenye ngazi, tunachungulia, tunaona maua yamekanyagwa, na tunasema, basi, yangu imeshapita.

Uko hapa leo wewe ambaye umekaa benchi la mwisho ili uwahi kuondoka. Nakuona, na sitakutaja. Sikiliza. Maua uliyoyaona sakafuni ni ya harusi ya mtu mwingine. Ya kwako haijaanza. Bibi harusi bado anapambwa, kwaya bado haijapanga mistari, na wewe, kwa mara ya kwanza maishani mwako, umewahi.

Usiende nyumbani. Vua koti, shika ufagio, tufagie pamoja mpaka atakapofika.