Kivuli cha Kitambaa Kitukufu

Paukwa.

(Pakawa.)

Nani huyo anaitikia akiwa amelala chali? Kaeni vizuri, leo nina habari ya nguo. Paukwa.

(Pakawa.)

Paliondokea upepo mkavu, ukaingia uani kwa Bi Shavu, ukanyakua kanga iliyoanikwa kambani. Bi Shavu akabaki na kamba.

(Na kamba.)

Eeh, hapo sasa mmeamka.

Kanga ile ikaruka puu, ikaruka puu, ikapita mashamba, ikapita mapori, ikaenda kunasa juu kabisa ya mgunga mkavu kando ya Bwawa. Wanyama wa Bwawani walikuwa hawajaona kanga tangu kuzaliwa. Wakaona kitu chekundu kinapepea, pepe-pepe-pepe, na chini kina maandishi. Wakaogopa, wakarudi nyuma.

Asiyeogopa alikuwa Kiboko, mwenye Bwawa. Tumbo lile mnalijua, na mdomo kama mlango wa ghala. Kiboko alikitazama kitambaa, kisha akawatazama wanyama walivyokitazama kitambaa, akacheka kwa pua, hmf, hmf.

"Hiki kimeshushwa," akasema. "Kimeshushwa kutoka mbinguni, na tangu leo ndiyo bendera ya Bwawa letu. Na hayo maandishi yanasema, Maji ni ya Kiboko."

Hakuna aliyejua kusoma. Hata yeye hakujua.

Ikawa sheria. Kila asubuhi, kabla tone halijashuka kooni, watu wote wasimame wima, mguu wa kulia kifuani, macho juu, waimbe:

Kitambaa kiko juu,
sisi tuko chini.
Maji yako wapi?
Yako kwa mwenyewe.

Punda Milia alikuwa akiinua mguu kifuani anaanguka, pu, anainuka, anaendelea kuimba. Aliyeongoza wimbo ni Mzee Ngiri, na Ngiri hakuwa mnafiki. Alikipenda Kitambaa kwa moyo wake wote. Kikipepea, machozi yanamtoka mpaka kwenye meno.

Sheria ya pili ndiyo iliyouma. "Atakayekanyaga kivuli cha Kitambaa," akasema Kiboko, "amekikanyaga Kitambaa chenyewe. Asinywe maji mpaka mwezi mwingine uandame."

Sasa sikilizeni ujanja wa mnene. Mgunga ule ulikuwa upande wa machweo, na njia ya kwendea maji ilipita papo hapo chini yake; kwingine kote ni miamba na tope la kuzamisha. Jua likichomoza ng'ambo ya Bwawa, kivuli cha Kitambaa kinalala njiani. Nani apite? Basi wanyama wanangoja, na Kiboko yumo majini anakunywa, anaoga, anavuruga, na mengine siwaambii maana kuna watu wanakula. Jua likifika utosini kivuli kinajikunja, njia inafunguka, wanyama wanapewa uji wa tope. Wanakunywa mbio mbio, wanakimbilia vichakani kuukwepa ukali wa jua.

Kwenye jabali la jirani alikaa Bi Pimbi na mwanawe, Kijiwe. Mnamjua pimbi, kadogo, kanene, hakana hata mkia wa kujivunia. Bi Pimbi aliliita jiwe jiwe, na nguo aliiita nguo. Si kwamba alikuwa na kiburi. Alijaribu, mama wa watu. Alisimama na wenzake, mguu kifuani, akafumba macho, akangoja kitu kimguse moyoni. Kilichomgusa ni kiu.

Kiangazi kikazidi. Bwawa likapungua likawa dogo, Kiboko akilala analijaza karibu lote. Asubuhi moja Kijiwe aliamka midomo imepasuka, akaomba maji mara moja tu, kisha akanyamaza. Bi Pimbi akamkamata kwa meno shingoni, akashuka jabali, tiri-tiri-tiri, akapita katikati ya kivuli mpaka majini. Kijiwe hajapata hata mafunda mawili, Mzee Ngiri huyu hapa.

"Bi Pimbi, umekanyaga."

"Nimekanyaga mchanga, Mzee Ngiri."

"Na kivuli je?"

"Kivuli hakina mgongo. Kingeumia, kingelia."

Ngiri akatazama juu, akamgeukia. "Mwenzetu, kwa nini unatutukania kitu chetu?"

"Situkani kitu. Mwanangu ana kiu."

Kiboko akatoa kichwa majini, akapiga mwayo, akasema, "Mpaka mwezi uandame." Na mwezi wenyewe ndiyo kwanza ulikuwa umeandama jana.

Bi Pimbi akarudi jabalini na mwanawe. Mtoto anayelia ana nguvu, na Kijiwe alikuwa hawezi tena kulia. Mama akakaa pale akiwa na uchungu na hasira, akilitazama Bwawa kwa mbali, mchana ukapita, alasiri ikaingia. Wanyama wote wamelala vichakani. Ndipo akaona jambo ambalo Bwawani hapakuwa na mtu aliyeliona, kwa sababu wakiwa pale wote wanatazama juu.

Kivuli kilikuwa kinatembea.

Kilitoka shinani, kikapita ufukoni, kikaingia majini polepole kama mtu anayeogopa baridi, kikapanda mgongoni kwa Kiboko, kikatulia. Kiboko anakoroma, khorrr, khorrr. Bi Pimbi akacheka peke yake, ki-ki-ki, mpaka Kijiwe akafumbua jicho.

Asubuhi akashuka analia kwa sauti ya msibani. "Nimetubu jamani. Nimetubu mimi. Kitambaa kinisamehe."

Wanyama wakafurahi. Hakuna kitu kinachomfurahisha mtu kama kuona mbishi amejirudi. Ngiri alimkumbatia mpaka meno yakamchoma.

"Ila Bwana Kiboko," akasema Bi Pimbi, "mimi mgeni katika imani, nisije nikakosea tena. Mdogo akikanyaga kivuli je?"

"Asinywe," akasema Kiboko.

"Na mkubwa je?"

"Hata mkubwa asinywe."

"Na mwenye Bwawa je?"

Kiboko akaangalia njiani, akakiona kivuli kiko kule kule kilipo kila asubuhi, mbali na maji yake. Akatanua kifua. "Hata mwenye Bwawa asinywe. Aondoke kabisa."

"Subhana, haki iliyoje!" wakasema wanyama.

"Basi toba yangu nataka iwe ndefu," akasema Bi Pimbi. "Leo tusiimbe mara moja tukatawanyika. Tuimbe mpaka alasiri."

Kiboko alipenda kuimbiwa. Akajilaza majini, akafumba macho. Wakaanza. Kitambaa kiko juu. Jua likapanda. Sisi tuko chini. Jua likafika utosini. Punda Milia, pu, akainuka. Maji yako wapi? Jua likapinda. Yako kwa mwenyewe. Khorrr, khorrr. Kivuli kikatoka shinani, kikanyata ufukoni, kikagusa maji, kikaparamia mgongo, kikatulia.

Bi Pimbi akapaza sauti. "Jamani msitazame chini. Nawaomba sana, msitazame chini. Mimi sijaona kitu."

Wakatazama chini wote.

Mzee Ngiri akasema, "Hajakikanyaga. Amekilalia."

Pakachafuka. Kwato zinapiga chini, vumbi linapanda, kila mtu anasema lake. Kiboko akazinduka, pwaa. "Kuna nini?"

"Toka kwenye Kitambaa!"

Akasogea kushoto, pwaa. Upepo ukavuma, kivuli kikamfuata kushoto. Akasogea kulia, pwaa. Kivuli nacho kulia. Akazama, akaibuka, kivuli kimekaa kichwani kama kofia. Maji yenyewe yamebaki kidogo, aende wapi? Akachoka, akapandwa na hasira, akaachama mdomo wote.

"Kivuli tu hiki, wajinga nyie! Kivuli cha tambara!"

Bi Pimbi akasogea mpaka ukingoni. "Tambara," akasema taratibu. "Basi kumbe mimi na wewe dini yetu moja, Bwana Kiboko. Ila mimi nililisema nikiwa na kiu."

Kiboko akawaangalia wanyama. Akaangalia meno ya Ngiri. Sheria yake, mdomo wake, nani wa kumtetea? Akatoka majini, akashika njia ya mtoni kule mbali, jua likimchoma mpaka ngozi ikatoa maji mekundu. Mpaka leo akitoka mchana hutoa maji yale. Wengine wanasema ni jasho. Mimi nasema ni aibu.

Wanyama wakangoja tope litulie, wakanywa, gwi, gwi, gwi, maji meupe, wengine kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Kijiwe akanywa akalala, tumbo limevimba kama kibuyu. Bi Pimbi akapanda mgunga, paru-paru-paru, akainasua ile kanga, akashuka nayo, akailowesha majini.

"Bi Pimbi," akasema Ngiri, "hicho unachokishika ni..."

"Ni mbeleko, Mzee Ngiri."

Akamfunga nayo Kijiwe mgongoni ingali mbichi. Ngiri akamtazama mtoto aliyefungwa ndani ya Kitambaa, anapumua vizuri, shavu limelala kwenye maandishi. Akainama kunywa maji.

Na maandishi yale yalisemaje? Mimi nimeyasoma, ngano si yangu? Yaliandikwa: NILIANIKA, SIKUGAWA.

Asubuhi ya pili Bi Pimbi akashuka na mwanawe mgongoni kuja kunywa. Akawakuta wote wamejipanga mstari, wamesimama wima, mguu wa kulia kifuani, macho juu, wanautazama mgunga mtupu. Mzee Ngiri anaongoza, machozi yanashuka. Kitambaa kiko juu. Punda Milia, pu.

Bi Pimbi akapita nyuma yao na Kitambaa chao mgongoni, akanywa akashiba, akamnywesha mtoto, akarudi jabalini. Hakuna aliyemwona.

Basi, wanangu, funzo la ngano hii ni kwamba watoto wenye adabu wakiambiwa watazame juu, watazame juu, wala wasiulize kivuli kimekwenda wapi. Mtii hapati shida. Hupata kiu tu.

Ngano yangu nimeianua kambani, imekauka. Ikikufaa, jifunike. Isipokufaa, usiitundike mtini.