Mwandoe na Bibi wa Kubebwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na chungu jikoni!

Ndani mna nini?

Pakua tuone!

Haya, napakua. Nyie endeleeni kumenya maharage, mikono imenye, masikio yasikie. Na wewe unayetafuna mabichi, tema! Nimekuona.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya milima, paliishi kijana aitwaye Mwandoe. Alikuwa na moyo mzuri, lakini mwili, jamani! Mwembamba, mwembamba, mwembamba. Akisimama kando ya mwiko, hujui ushike upi usonge ugali.

Mwandoe alimpenda Mshai, na Mshai alimpenda Mwandoe. Wazazi walikubali. Pombe ya harusi ilikwisha kupikwa. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa zito: bibi yake Mshai.

Maana nchi hiyo ilikuwa na desturi yake. Siku ya harusi, bwana harusi humbeba mgongoni bibi wa bibi harusi, kutoka bondeni hadi kwenye nyumba mpya juu mlimani. Bibi akianguka, harusi imekufa, kila mtu arudi kwao. Na bibi yake Mshai, Bibi Mkamburi, alikuwa mwanamke wa kushiba. Akikaa juu ya kinu, kinu hukioni.

Vijana wenzake wakamcheka Mwandoe. "Utamweza yule? Na usisahau, bwana, humtui njiani. Ukimtua umeshindwa!"

Mwandoe hakula siku hiyo. Alikwenda kisimani akakaa, akalia. Akaja Chui kunywa maji.

"Mwandoe, unalilia nini?"

"Nalilia Mshai. Nitamkosa kwa sababu mgongo wangu hauwezi kumbeba bibi yake."

Chui akamtazama, akamwonea huruma kweli. Hakuwa na hila Chui huyu, msimsingizie. Akasema, "Rafiki yangu, mimi hupanda mtini na swala mzima mdomoni. Na nakula nini? Nyama. Asubuhi nyama, mchana nyama, jioni nyama. Majani sigusi. Kula kama mimi, utabeba kama mimi."

Basi Mwandoe akarudi nyumbani mbio. Asubuhi akala nyama. Mchana akala nyama. Jioni akala nyama, akashushia na mayai. Mama yake akamletea bakuli. "Mwanangu, hata mchicha kidogo? Hata kiazi?"

"Mama, mboga ni za mbuzi."

"Basi kunywa maji."

"Maji yatajaza nafasi ya nyama."

Mama akaondoka na bakuli lake, roho inamuuma.

Hazikupita siku nyingi, Tumbo likaita kutoka ndani:

*Mwandoe, Mwandoe,*
*mlango umeziba!*
*Viingiavyo vinaingia,*
*vya kutoka havitoki!*

Kweli, Mwandoe alikuwa akienda kichakani asubuhi, anarudi adhuhuri jasho linamtoka, na hakuna alichofanya. Lakini akalijibu Tumbo lake: "Nyamaza huko ndani, kuna bibi wa kubebwa!" Akala nyama.

Zikapita siku. Kiu ikamkamata, kinywa kikaanza kunuka, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Wakaita Figo, wale mapacha wawili wanaokaa kiunoni, kazi yao kuosha uchafu wa nyumba nzima:

*Mwandoe, Mwandoe,*
*taka zimezidi!*
*Tunafua mchana na usiku,*
*na maji hutuletei!*

Kiuno kikamuuma hata kuinama akashindwa. "Nyamazeni huko ndani, kuna bibi wa kubebwa!" Akala nyama.

Sasa ikabaki siku moja kabla ya harusi. Taka zile zilizokosa wa kuziosha zikatafuta pa kukaa. Zikashuka, zikashuka, zikashuka mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Kidole kikavimba, kikawa chekundu, hata nzi akitua juu yake Mwandoe anapiga ukelele. Nacho kikaita:

*Mwandoe, Mwandoe,*
*nawaka moto!*
*Bibi utambeba kwa mguu upi,*
*na mimi sikanyagiki?*

Safari hii Mwandoe alikipuliza kidole mpaka kukapambazuka.

Siku ya harusi watu walijaa bondeni. Mshai amepambwa, amependeza, lakini macho yake yako kwenye mguu wa mchumba wake. Bibi Mkamburi akatokea, amejifunga kanga mpya, anatamba. "Yuko wapi mume wangu? Njoo mume wangu, unibebe!" Ndivyo bibi anavyomtania mume wa mjukuu wake.

Mwandoe akachuchumaa. Bibi akapanda. Mwandoe akasimama! Watu wakapiga vigelegele. Akatupa hatua moja. Akatupa ya pili. Ya tatu akakanyagia kidole.

Mama yangu wee! Alishuka chini kwa magoti yote mawili, mawe yakamchana, damu ikatoka. Lakini mikono yake hakuiachia. Bibi hakuanguka. Alibaki mgongoni palepale, miguu inaning'inia.

Mwandoe akalia mbele ya wote. "Nisamehe, Bibi. Siwezi. Mpeni Mshai mtu mwenye nguvu."

Bibi Mkamburi akashuka polepole, akakaa chini kwenye vumbi na kanga yake mpya, uso kwa uso na kijana. Akanusa. Akakunja pua.

"Mume wangu, ulikuwa unakula nini?"

"Nyama, Bibi."

"Na nini?"

"Nyama."

"Na nini tena?"

"Na mayai, Bibi. Nipate nguvu ya kukubeba nisikutue."

Bibi akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Akamfuta Mwandoe machozi kwa upindo wa kanga. "Mtoto wa watu! Ulikuwa unajiua kwa ajili ya mgongo wangu? Na nani alikuambia hukutakiwa kunitua?"

"Vijana, Bibi."

"Vijana wamembeba nani hao? Babu yake Mshai alipombeba bibi yangu, alimtua kila penye kivuli! Wakanywa maji, wakala muwa, wakapiga soga, wakafika jioni. Desturi ile si ya kupima misuli. Tunapanda mgongoni tujue kama mwanamume anajua kusema 'nimechoka'. Maana asiyejua kulisema hilo, mjukuu wangu atamzika mapema."

Akasimama, akajipangusa vumbi. "Bibi hakuanguka, mmeona wote. Harusi haijafa. Imetuliwa kivulini, inapumzika."

Mwandoe akarudishwa kwa mama yake. Akanywa maji, kibuyu baada ya kibuyu. Akala mchicha, akala papai, akala viazi na maharage, na nyama kipande chake, si mbuzi mzima. Tumbo likafungua mlango. Figo wakafua, wakaanika. Kidole kikapoa, kikalala.

Mahindi yalipokomaa, Mwandoe alimbeba Bibi Mkamburi. Alimtua mtoni, wakanywa maji. Alimtua kwenye miwa, wakatafuna. Alimtua mlangoni pa nyumba mpya, na Mshai akawapokea wote wawili.

Huko njiani Chui alikuwa amewaona wakitafuna miwa, akashangaa. "Rafiki yangu, umeacha nyama?"

"Sijaiacha," akasema Mwandoe. "Nimeitafutia wenzake sahanini. Wewe ni chui, ulishauri kichui. Mimi ni mtu, nilisahau kuuliza tumbo langu ni la nani."

Basi ndugu zangu, nyama haina kosa, kosa ni kuifanya iwe peke yake. Na mwili ukikuita, itika mara ya kwanza. Mara ya tatu huwa unaita watu wote waje kuona.

Chungu changu kimefika ukokoni. Kama kimewashibisha, kioshwe na mliokula. Kama hakikuwashibisha, maharage hayo hapo mmeyamenya wenyewe, injikeni. Mimi nipeni muwa tu, na nani atanibeba mpaka kwangu? Mbona mnatazamana? Nimewaruhusu mnitue!