Nyumba Yenye Mabega

Nyumba yenye mabega haibomolewi. Ndivyo alivyosema Mwalimu Nakijwa jana, mbele ya mtendaji, bila hata kupepesa macho. Nanyi mlikuwa pale na mitaimbo yenu, mkabaki mnatazamana kama mbuzi waliofikishwa mtoni. Leo mmekuja kuniuliza ni nyumba gani hiyo yenye mabega. Haya, kaeni. Mitaimbo acheni nje, humu ndani sina cha kubomolewa.

Asili ya methali hii si huku kwetu Upare, ingawa ukiisikia utaapa ni yetu. Ilizaliwa ng'ambo, Ufilipino, na aliyekuja nayo ni huyo huyo Nakijwa, mpwa wangu, enzi hizo akiwa mwanafunzi wa chuo. Ilikuwa hivi.

Likizo ndefu moja Nakijwa alisafiri na wanachuo wenzake kwenda kujitolea kujenga maktaba katika kijiji kiitwacho Kawayanan, kisiwani Mindoro. Mkuu wa msafara wao alikuwa Bwana Kapinga, mtu wa kujipenda, aliyevaa filimbi shingoni. Akitaka waamke, filimbi. Akitaka wale, filimbi. Nakijwa alikuwa haipendi ile filimbi hata kidogo, maana kwao watu hawaitwi kama kuku.

Kila mwanafunzi alipangiwa nyumba ya kulala. Nakijwa akaangukia kwa bikizee mmoja aliyeitwa Lola Meding. Lola kwa lugha yao ni bibi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mianzi, imeezekwa kwa makuti, imesimama juu ya nguzo kama dungu la kulindia mahindi. Sakafu ilikuwa na nyufa, na punje za wali zilizodondoka zilipita humo zikawafikia kuku waliokuwa chini.

Siku ya kwanza Nakijwa alimpa yule bibi mkono kama anavyowapa wakubwa wa ofisini. Bibi akacheka, akamwonyesha vijana wa kule wanavyofanya: unauchukua mkono wa mzee, unainama, unaugusisha kwenye paji la uso wako. Nakijwa akafanya hivyo, akamkumbuka bibi yake na shikamoo za asubuhi. Tangu hapo hakuwa tena mgeni mle ndani.

Kulikuwa na mambo mengine ya kujifunza. Watu wale hawaonyeshi njia kwa kidole, wanaonyesha kwa midomo. Lola Meding alipotaka kuletewa sufuria aliibenua midomo kuelekea jikoni, na Nakijwa siku mbili nzima alidhani bibi amenuna. Na kila alipokuwa akila, hata kama ni wali mkavu na kisamaki cha kukausha, bibi alikaa dirishani na kumwita kila mpita njia: "Kain na!" Yaani, karibu tule. Wengi walishukuru wakapita, lakini wenye njaa walipanda ngazi, na hakuna aliyewahi kuulizwa amekuja kufanya nini.

Ukutani ilining'inia pembe ya nyati wao wa kulimia, nyeusi, imeng'aa kwa kushikwa.

"Ilikuwa ya mume wangu," bibi alimweleza kwa Kiingereza cha kuokoteza, maana ndicho walichoelewana kwacho. "Aliita kijiji kwa hii. Moto ukizuka, mavuno yakifika, mtu akihamisha nyumba."

"Akihamisha vyombo, Lola."

"Nyumba, mwanangu. Unaing'oa, watu wanaiweka begani, unakwenda nayo."

Nakijwa akacheka, akidhani anataniwa. Pembe aliielewa vizuri, kwa kuwa hata kwetu msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, huitwa kwa pembe. Nyumba kutembea ndiko kulikomshinda.

Sasa sikilizeni palipoharibika.

Mkubwa wa kijiji kile alikuwa Kapitan Rogelio. Kijiji kilikuwa na uwanja mpana wa watu wote, nao ungetosha maktaba mbili, lakini Kapitan alikuwa ameujaza majogoo wake wa kupigana, kila mmoja amefungwa mguu chini ya kibanda chake, wanakula vizuri kuliko watoto wa watu. Maktaba aliitaka barabarani, ili kila apitaye asome jina lake juu ya mlango. Na hapo barabarani palikuwa na nyumba ya Lola Meding.

"Ardhi ni ya kijiji," akatangaza kwa kipaza sauti. "Nyumba ile mbovu ivunjwe. Bibi aende Manila kwa mwanawe."

Lola Meding akatokeza dirishani. "Ardhi chukua, Rogelio. Nyumba yangu ninaondoka nayo."

Kapitan alijua maana ya maneno yale, ndiyo maana hakucheka. Alitangaza papo hapo kwamba atakayegusa mwanzi kumsaidia yule bibi ajue kuwa tufani ikipiga, mchele wa msaada utampita mlangoni. Kijiji kikafyata mkia. Msiwacheke. Pale tufani haisemwi kama hadithi, inakuja kila mwaka na kuondoka na mapaa ya watu.

Ikabaki kazi ya kuvunja, na Kapitan akawaachia wageni, kwa kuwa mgeni hana jirani wa kumwonea haya. Bwana Kapinga akakubali. Jioni ile akapuliza filimbi, akawaambia wanafunzi kesho wachukue nyundo.

"Mimi sitakwenda," Nakijwa akasema.

"Umesemaje?"

"Nimelala ndani ya nyumba ile, Bwana Kapinga. Nimekula humo. Sitaivunja."

"Binti, mwenye nguvu mpishe. Sisi hapa ni wageni."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami jembe nimelipokea, nimechimba msingi na kuchanganya zege bila kunung'unika. Lakini hilo ni la kulimia. La kumvunjia bibi nyumba sikupewa na mtu."

Wenzake wakainamisha vichwa. Bwana Kapinga akamsogelea Nakijwa usoni. "Cheti chako cha kujitolea usahau. Na chuoni nitaandika kwamba huna nidhamu."

"Andika," akajibu. "Ila jina langu usilikosee."

Alisema vile kwa ujasiri, lakini alijua anachokipoteza. Bila cheti kile nafasi ya ualimu aliyokuwa akiitafuta ingekuwa ngumu, na nyumbani mama yake alikuwa ameshawatangazia hata wauza ndizi. Alirudi kwa bibi, akakuta anafunga sahani zake kwenye kitambaa. Hakulia yule bibi. Alikuwa amekasirika tu, na anafunga kwa nguvu.

"Kwa nini hupulizi pembe, Lola?"

"Sina pumzi. Na aliyekula kwangu simkumbushi kwamba alikula. Hiyo si desturi."

Asubuhi wanafunzi walifika na nyundo, Kapinga mbele, Kapitan kando na kipaza sauti chake. Lola Meding akaketi katikati ya sakafu, akasema mguu wake hautagusa ngazi. Nakijwa akasimama mlangoni. Akatazama barabara, hakuna mtu. Milango yote imeegeshwa, na nyuma ya kila mlango macho.

Akaichukua ile pembe ukutani.

Mnajua kwetu mwanamke hapulizi pembe. Lakini baba yangu, mpiga pembe wa msaragambo, alimfundisha yule mjukuu wake uani, kwa sababu sisi wanaume wa nyumba ile hatukuwa na kifua. Nakijwa akaivuta pumzi mpaka tumboni, akapuliza kama babu yake alivyopuliza: mlio mrefu, unakatika, mrefu tena. Pembe ile ilikuwa kimya tangu Kapitan aliponunua kipaza sauti, na sasa ilinguruma mpaka majogoo kule uwanjani wakanyamaza.

Akapuliza tena. Hakuna aliyekuja. Bwana Kapinga akaguna, akawaambia wanafunzi waanze na ngazi.

Ndipo akatokea mzee mmoja, Mang Isko, anaburuta mwanzi mrefu. Akaupitisha chini ya nyumba, akaanza kuufunga kwenye boriti bila kumtazama mtu.

"Nani amekuita, Isko?" Kapitan akanguruma.

"Pembe."

"Na mchele wa msaada?"

Mzee akakaza fundo. "Mchele wako, Kapitan, huja baada ya tufani. Wa Meding huja kila siku."

Neno lile lilipita kwenye milango iliyoegeshwa, na milango ikafunguka. Wakaja na mianzi, na kamba, na majembe ya kuchimbua nguzo. Walikuja wakivuta miguu, wengine hawathubutu kumtazama Kapitan, lakini walikuja. Mwanafunzi mmoja akaiweka nyundo yake majanini, akaenda kushika kamba. Kisha mwingine. Bwana Kapinga akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na hakuna aliyegeuka.

Mianzi ilipokwisha kufungwa, Nakijwa akashuka kuchukua nafasi yake. Na hapo mtoto wa Kipare akafanya alichofundishwa na mama yake: akaivua kanga kiunoni, akaisokota kata, akaiweka kichwani, akaingiza kichwa chini ya mwanzi. Watu wakanyanyua. Wote mwanzi uko begani, yeye uko utosini! Upande wake ukapanda juu, nyumba ikalala kama mlevi, na ndani sahani zikaporomoka.

"Balikat!" Lola Meding akapiga kelele dirishani, maana aliapa hatashuka na kweli hakushuka. Akawa anajipiga bega kwa kiganja. "Balikat! Bega, mwanangu, bega!"

Kijiji kizima kikacheka, na kicheko kile kikaiua hofu iliyobaki. Nakijwa akaitupa kata, akatia bega. Mwanzi ukamkwaruza, ngozi ikachubuka, lakini nyumba ikanyooka. Nayo ikatembea. Nyumba nzima, na paa lake, na pembe, na bibi ameketi dirishani kama bibi harusi.

"Tunakwenda wapi, Lola?" Mang Isko akauliza.

Wote walidhani atasema mtoni, kule penye matope ambako hakuna apatakaye. Lola Meding aliibenua midomo yake. Safari hii Nakijwa alielewa kabla ya wote, akaangua kicheko chini ya mzigo. Midomo ilikuwa imeelekea uwanja wa kijiji, kwenye majogoo.

Wakaenda. Wakawafungua majogoo, kila mmoja akakimbilia kwake, na wakaitua nyumba katikati ya uwanja, dirisha lake likitazamana na dirisha la Kapitan. Wali ukamwagwa juu ya majani ya migomba, watu wakala kwa mikono, na wanafunzi wetu hawakuhitaji kufundishwa hilo. Lola Meding akaita kuvuka uwanja: "Rogelio, kain na!" Kapitan akafunga dirisha lake kwa kishindo.

Kesho yake akatuma vibarua waivunje. Walikuja vijana wa pale pale kijijini na nyundo zao, na mbele yao Nestor, mtu mwenye nguvu kuliko wote. Nakijwa akatoka mlangoni, bega limevimba, tayari kwa vita. Lakini bibi alimshika mkono, akawaambia wale vijana kwa upole:

"Karibuni. Kabla hamjaanza, vueni mashati."

Wakatazamana. Nestor akavua. Begani palikuwa na alama nyekundu, ndefu, ya mwanzi.

"Nani amekuchubua, Nestor?"

Akalishika lile bega. "Nyumba yako, Lola."

"Basi vunja."

Nestor akaitazama nyumba, akautazama mkono wake. Kisha akaiangusha nyundo. "Hii siwezi," akasema. "Nimeibeba." Na nyuma yake nyundo zikaanguka, moja baada ya nyingine. Mang Isko, aliyekuwa akila ukoko ngazini, akacheka mpaka akapaliwa. "Nendeni mkamwambie Kapitan," akasema, "nyumba yenye mabega haibomolewi."

Maktaba ilijengwa barabarani, pale pale Kapitan alipotaka. Nyumba ya bibi ikabaki uwanjani, pale alipotaka yeye. Bwana Kapinga naye alitimiza ahadi yake: wenzake wote walirudi na vyeti, Nakijwa akarudi mikono mitupu, na ualimu aliupata kwa kuusotea. Mama yake alimpokea stendi ya Same, akamwuliza, cheti kiko wapi? Mtoto akaivuta chini kola ya blauzi, akamwonyesha bega.

Sasa turudi kwenu, maana hamkuja hapa kwa mapenzi ya hadithi. Kibanda cha akina mama cha kukusanyia maziwa, hicho mtendaji anachotaka mkivunje ili ajenge fremu za maduka za kupangisha, kilijengwa na nani? Mmesahau? Mlikuwa shule ya msingi. Pembe ililia, mkashuka bondeni, mkapandisha mawe ya msingi begani, wadogo hivyo. Wewe Sefania ulimlilia mama yako, ukasema bega linawaka, naye akakupaka mafuta ya ng'ombe. Nilikuwepo.

Kesho pembe italia tena. Atakayepuliza ni mwanamke, na mtendaji ameshaambiwa. Mitaimbo yenu iko pale nje, sikuificha. Anayetaka kuichukua aichukue, siwezi kumzuia, mimi ni mzee. Ila kwanza asimame hapa mbele yangu, avue shati, alitazame bega lake, na aniambie liliwahi kubeba nini.

Mbona mmekaa? Nilijua. Nyumba yenye mabega haibomolewi.